Masafa si shamba la bibi

Najua nimepotea. Mlionitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko, nipo bado, mitihani imepita na juzi nimerudi kutoka nyumbani Kibondo. Nilipanga leo niandike habari za safari, basi lilivyotulaza njiani na mengineyo, lakini jana usiku kulitokea ubishi chumbani ambao umeninyima usingizi. Safari itasubiri.

Ubishi ulianza hivi. Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Sinza, anasomea mambo ya biashara. Alikuwa anasoma habari za mnada wa masafa ya simu, akafunga daftari na kutoa hukumu: "Serikali iyauze tu, anayetoa hela nyingi achukue, basi. Masafa ni mambo ya mainjinia na wenye mitaji. Nyie watu wa mwisho wa reli yanawahusu nini?"

Jamani! Kwanza reli inaishia Kigoma mjini, sisi Kibondo reli yenyewe tunaiona kwenye picha. Pili, nilimjibu vibaya na asubuhi nimemwomba radhi kwa chai na chapati mbili. Lakini hoja yake nailetea majibu hapa mbele yenu, kwa sababu nina wasiwasi wengi wetu tunafikiri kama yeye. Hata mimi zamani nilifikiri hivyo hivyo.

Hebu twende Mabamba kwanza. Ni kata ya wilaya ya Kibondo, mpakani na Burundi, kuna soko ambalo Warundi na sisi tunauziana kila kitu. Ukitoka pale sokoni ukaelekea vijijini, simu yako inalia, unafikiri umetumiwa hela, kumbe ni ujumbe: karibu Burundi. Hujavuka mpaka. Upo Tanzania, umekanyaga udongo wa Tanzania, umeshika muhogo wa Tanzania mkononi, ila hewa iliyokuzunguka inahudumiwa na mnara wa nchi nyingine, na ukijisahau ukapiga simu salio linakwenda kama maji kwenye mchanga.

Likizo hii jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Kuna namba ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, 115, ni bure, na pale kwetu hakuna asiyeijua. Ni bure kweli, ila lazima simu isome. Mdogo wangu akawasha pikipiki akapanda kilimani kwenye mwembe ambao kijiji kizima tunauita "ofisini", maana ukitaka kuongea na mtu wa mbali ndiko unakokwenda. Kwenda, kutafuta mahali pa kusimama, kuongea na kurudi, dakika arobaini. Gari lilikuja, mama akajifungulia njiani, wote wazima, mtoto wa kike. Watani wanasema aitwe Netiweki. Tulicheka sana, lakini mimi kicheko kilinikwama hapa kooni, kwa sababu kutoka pale mwembeni usiku unaiona taa nyekundu ya mnara, ile paleee, kwa mbali. Kampuni siitaji. Sina ugomvi na mnara wao, nina ugomvi na kitu kilichotangulia mnara.

Kitu hicho ni mpango wa masafa. Mliosoma fizikia mtanivumilia, nitapita haraka. Simu, redio, televisheni, Wi-Fi, rada ya uwanja wa ndege, vyote vinapita hewani kwenye masafa, na kila kimoja kina njia yake ili visigongane. Njia hizo hazilingani. Harusi ikiwa ng'ambo ya bonde, unachosikia ni ngoma, waimbaji huwasikii hata wapige kelele vipi. Masafa ya chini, tuseme megahezi 700, ndiyo ngoma: yanakwenda mbali, yanazunguka kilima, yanaingia ndani ya nyumba. Masafa ya juu, 2600 au 3500, yanabeba mzigo mkubwa wa data lakini hayafiki mbali. Kariakoo ni sawa, watu wamebanana, mnara uko kila kona. Lakini nchi ya Kibondo na Kasulu ni vilima na mabonde, nyumba zimetawanyika kwenye migomba na mihogo. Kwetu sisi masafa ya chini ndiyo mawasiliano yenyewe, mengine ni mapambo.

Kwa hiyo anayeamua nani apewe 700, kwa masharti gani, kwa eneo lipi, ameamua pia kama mdogo wangu atapanda kilima saa nane usiku. Kisheria anayeamua ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kuna sheria nyingine ya 2010 inayohusu mawasiliano ya kielektroniki na posta. Masafa ni mali ya umma, kampuni inapewa leseni ya kuyatumia tu, haimilikishwi. Mpaka hapo mwenzangu wa Sinza na mimi hatugombani.

Tunapogombana ni hapa. Yeye anadhani mpango unatengenezwa na mainjinia kwa rula na kalamu, halafu wafanyabiashara wanakuja siku ya mnada na hela zao. Mimi nasema siku ya mnada ni siku ya harusi, mahari ilishazungumzwa zamani na wazee wa pande zote, na mzee wa Kibondo hakuitwa. Ukubwa wa vipande, bei ya kuanzia, masharti ya kufikisha huduma, yote yameshaandikwa. Na walioshiriki kuyaandika, kwa maoni, kwa barua, kwa vikao, ni kampuni.

Msinielewe vibaya, sizungumzii bahasha. Rushwa ikiwepo ni kazi ya TAKUKURU, na mimi sina ushahidi wa bahasha yoyote. Kinachonikera ni kile ambacho ni halali kabisa, kinafanyika mchana kweupe, na sisi hatupo.

Tazameni majirani zetu Kenya, maana wao mambo yao hugombania hadharani. Wakati wa kuhamia televisheni ya dijitali, makampuni makubwa matatu, Royal Media, Nation na Standard, yalitaka yapewe leseni na masafa yao yenyewe ya kurushia matangazo badala ya kupitia mitambo ya wengine. Yakaenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka Septemba 2014. Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilipozimwa, wakakaa bila kurusha matangazo takriban wiki tatu, nchi nzima inaangalia skrini nyeusi. Mwisho wa yote wakarudi hewani kwa mtambo wao wenyewe wa dijitali. Unaweza kuwaunga mkono au kuwalaani, lakini walijua kudai.

Au mwaka huo huo wa 2014, Safaricom walipata kazi ya kuijengea polisi ya Kenya mtandao wa mawasiliano na kamera, mkataba wa karibu shilingi bilioni 15 za kwao. Ndani ya mpango huo wakapata kutumia masafa ya megahezi 800, na Desemba wakawasha 4G. Washindani wakalalamika kwamba mbona masafa hayo hayakuwekwa mezani kwa wote. Baadaye yakawekewa bei, dola milioni 25. Lakini mwenzio ameshatangulia! Ukitangulia kwenye masafa ni kama ukitangulia kisimani, wanaofuata wanateka tope.

Halafu Julai 2024 Safaricom hao hao wakaiandikia mamlaka ya mawasiliano ya Kenya barua kuhusu kampuni za intaneti ya setilaiti. Starlink ilikuwa imeshaanza huduma Kenya mwaka mmoja kabla. Barua ilisema watoa huduma wa setilaiti wasipewe leseni za kujitegemea, wafanye kazi kwa kushirikiana na kampuni za simu zilizopo, na ikataja hatari ya mwingiliano wa masafa na usalama wa nchi. Watu wakapiga kelele mitandaoni kwamba Safaricom wanaogopa ushindani. Labda. Ila mimi nilipoisoma habari ile sikuona kosa lolote la jinai. Waliandika barua. Ndiyo hoja yangu yote hiyo wadau: WALIANDIKA BARUA. Wewe wa Kasulu umewahi kuandika?

Na juu ya nchi kuna dunia. Kila baada ya miaka mitatu minne hivi mataifa yanakutana chini ya shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, kugawana masafa upya. Mwaka 2023 walikutana Dubai, Novemba mpaka katikati ya Desemba. Kura ni ya nchi, kampuni haina kura. Lakini kampuni zinaruhusiwa kujiunga na ITU kwa kulipa ada, na zinakaa kwenye vikundi vya wataalamu miaka yote ile ya katikati, mahali ambapo karatasi zinaandikwa. Ukifika mkutanoni karatasi imeshaiva, mnabishania maneno mawili matatu. Dubai moja ya vita kubwa ilikuwa juu ya megahezi 6425 mpaka 7125: kampuni za simu za mkononi zinayataka kwa ajili ya simu, wenye Wi-Fi wanayataka yabaki wazi. Kwa upande wetu wa dunia, Afrika pamoja na Ulaya na Uarabuni, watu wa simu wakapata walichotaka, Wi-Fi nayo ikatajwa tajwa. Fahali wawili wamepigana vizuri sana. Sasa niulize: masafa hayo kwenye vilima vya Kitanga au Heru Ushingo yana faida gani? Ni mnong'ono! Waliopigana walipigania wateja wao wa mijini, na wana haki. Mkutano unaofuata umepangwa kufanyika Shanghai mwaka 2027, na karatasi zake zimeanza kuandikwa siku nyingi.

Turudi nyumbani. Mtaniuliza, kwani kampuni zikiwa na sauti ni mbaya siku zote? Hapana, na hapa naomba niwe mkweli ingawa inaniharibia hoja. Viettel ya Vietnam ilipokuja Tanzania ilikuja na ahadi mkononi: tupeni leseni na masafa, tutafikisha huduma kwenye vijiji zaidi ya 1,500 visivyo na mawasiliano. Oktoba 2015 Halotel ikazinduliwa. Kuna watu kwetu laini yao ya kwanza ilikuwa ya Halotel, kwa sababu ndiyo iliyosoma. Hiyo nayo ni kampuni kushawishi mipango ya serikali, na kijiji kilifaidi. Tofauti ni nini? Ahadi ilihesabiwa kwa vijiji. Kijiji kina jina, kina mwenyekiti, unaweza kwenda kukiangalia kama mnara upo au haupo.

Linganisha na ahadi ya asilimia. Mkinipa leseni mkaniambia nifikie asilimia 95 ya Watanzania, mtu yeyote anapiga makofi. Haya, sensa ya 2022 imetuhesabu watu milioni 61.7, na mkoa mzima wa Kigoma, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza na Kigoma yenyewe, ni milioni 2.47. Piga hesabu. Ni asilimia 4. Yaani kampuni inaweza kuuruka mkoa mzima, usijenge hata mnara mmoja, na bado ikatimiza asilimia 95 na chenji ikabaki. Sisemi kuna kampuni iliyofanya hivyo, Kasulu mjini 4G ipo, watu wanaangalia mpira kwenye simu. Nasema asilimia ni lugha inayomfaa mwenye kampuni, na yeyote anayekaa mezani atapendekeza lugha inayomfaa.

Na hapa ndipo damu inaponichemka kabisa. Kampuni inapewa masafa ya nchi nzima. Inajenga palipo na hela, sawa, biashara ni biashara. Vijiji vikibaki, serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, inatangaza zabuni na kutoa ruzuku ili kampuni zile zile zikajenge. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758, ruzuku karibu shilingi bilioni 126. Nashukuru kwa minara, kila mnara ni mama mmoja asiyepandiwa kilima. Na najua mtasema sehemu ya hela za mfuko hutokana na tozo wanayolipa kampuni zenyewe. Sawa. Lakini angalieni mpangilio wake: umekodishwa shamba zima, umelima kipande cha kando ya barabara, pori lililobaki hulilimi na jirani hulimi kwa sababu limeandikwa jina lako, halafu unalipwa ili uanze kulilima. Bibi yangu akisikia mkataba wa namna hii atauliza nani kamroga mwenye shamba.

Mwenzangu hapo alinikatiza: "Sasa nani mwingine atakwenda porini kwenu bila kulipwa?" Swali zuri, na jibu ni kwamba hatujui, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kujaribu. Uingereza mwaka 2019 mamlaka yao, Ofcom, iliweka utaratibu kwamba masafa ya kampuni ya simu yasiyotumika eneo fulani, mtu mwingine anaweza kuomba leseni ya kuyatumia pale pale tu. Mexico mwaka 2016 chama cha jamii za wenyeji kule Oaxaca kilipata leseni ya kuendesha mtandao wa simu wa vijiji vyao wenyewe, milimani, mahali kampuni kubwa zilikosema hapalipi. Sisi tuna vyama vya ushirika, tuna majimbo ya kanisa, tuna halmashauri. Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti kwa ajili ya wakimbizi, na sisi wa Kibondo tumekua tukiisikiliza. Hakuna aliyeingojea ilipe kibiashara kwanza. Mtu alisimama akaomba masafa kwa sababu watu walihitaji kusikia.

Tena hapo kwa wakimbizi kuna somo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996. Kule Vodafone Foundation na UNHCR waliweka madarasa yenye intaneti. Sina wivu, wale watu wamepitia makubwa. Ila walikuwa na mtu wa kuwahesabia, kuwaandikia ripoti na kukaa vikaoni kwa niaba yao. Mwanakijiji wa jirani naye anahesabiwa, mara moja kila miaka kumi.

Nirudi kwenye hela, maana yule bwana hakukubali kushindwa. Alinipa mfano: Oktoba 2022 Airtel walichukua megahezi 140 kwenye 2600 na 3500 hapa Tanzania kwa dola milioni 60.1. "Hizo si hela za madawati na dawa?" Ni hela, sikatai. Lakini kampuni iliyolipa hivyo lazima irudishe hela yake, na itairudisha haraka palipo na watu wengi wenye simu kubwa. Kila dola unayoiongeza kwenye bei ya masafa unamsukuma mwekezaji akimbilie Mlimani City asigeuke nyuma. Mimi ningependa serikali ichukue pungufu kidogo kwenye masafa ya chini, na badala yake iandike kwenye leseni: Kibondo, kata hii na hii na hii, mwaka fulani. Usipofika, kwa wilaya ile masafa yanarudi mezani, apewe anayeweza. Ruzuku ije baada ya hapo, siyo kabla.

Na maoni ya wadau. Nimeshaona nyaraka hizi za kuomba maoni, kurasa nyingi, Kiingereza cha kisheria, muda mfupi, zimewekwa kwenye tovuti. Kwenye tovuti! Unamwomba maoni kuhusu kukosa mtandao mtu asiye na mtandao, kwi kwi kwi. Kampuni ina idara nzima ya watu ambao kazi yao ya kuajiriwa ni kujibu nyaraka hizo. Diwani wa Mabamba hana idara. Karatasi moja ya Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya kata ingegharimu nini?

Basi, nimeamua kuacha kulalamika chumbani. Nimeanza kuandika barua ya kupeleka TCRA, nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambalo lipo kisheria kwa ajili yetu. Imefika kurasa mbili na inapungukiwa kitu kimoja: majina ya mahali. Wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe mliopo hapa chuoni, naomba kila mmoja aniandikie kijiji chake, kata, simu inasoma laini gani, wapi mnakwenda kusimama ili isome, na mwendo wa dakika ngapi. Kama kuna mti, andika mti. Mkiniletea kwenye karatasi nitakuwa kantini Ijumaa baada ya saa kumi, meza ya pembeni karibu na dirisha. Mtoto wa Sinza amekubali kuchora ramani, kwa masharti kwamba chai ya wiki nzima ni juu yangu.